"Hata mtoto wangu angechora hivi": tuziangalie vizuri picha za Australia

Kila picha ya mchoraji wa Australia ikipita mitandaoni, hasa zile za madoadoa au za mistari myeupe juu ya weusi, komenti chini yake ni zilezile: hata mwanangu wa chekechea anachora hivi, na hiyo bei hawa watu hela zimewazidi? Mwaka 2025 jumba la sanaa la Tate Modern kule London lilipoweka maonyesho makubwa ya mama mmoja wa jangwani anaitwa Emily Kam Kngwarray (jina lake utalikuta pia limeandikwa Emily Kame Kngwarreye, ni mtu yuleyule), maneno yakaanza upya. Mimi picha hizi nazipenda kweli, na inaniuma kuona mtu anazipita kwa sekunde 2 wakati kuna kitu kikubwa pale. Sitaki kukulazimisha uzipende. Nataka ujue unaangalia nini, ukishajua halafu bado hujazipenda, hiyo ni haki yako.

Tuanze na kitu ambacho tayari unakijua. Mtu anakuuliza njia, mko porini, simu hakuna, utafanyaje? Utaokota kijiti uanze kuchora mchangani: hapa kisima, huu mstari ndo njia, hapa kuna mti mkubwa, ukifika hapo unakata kushoto. Kisima hujakichora na ndoo na kamba, umepiga duara tu na mwenzako kaelewa, kwa sababu wote wawili mnaiangalia nchi kutokea juu, kama mwewe anavyoiona. Picha nyingi za jangwa la katikati ya Australia zimezaliwa hapohapo, mchangani. Ndo maana hazina mbingu, hazina mstari wa upeo, na mara nyingi hazina juu wala chini, maana mchoraji ameitandika kanvasi chini, akakaa juu yake au pembeni yake, akawa anaizunguka huku anachora. Sisi ndo tumekuja kuitundika ukutani kisha tunashangaa mbona haieleweki.

Alama zenyewe ukishaonyeshwa mara moja huzisahau. Miduara iliyo ndani ya miduara, mara nyingi ni mahali: kisima, kambi, moto, sehemu ya mkutano. Mistari inayounganisha miduara ni safari kati ya mahali na mahali. Alama kama herufi U ni mtu ameketi, na hii ninaipenda kuliko zote, kwa sababu ukikaa mchangani umekunja miguu halafu ukainuka ukatazama pale ulipokuwa, alama uliyoiacha ndo ileile. Yaani wanachora nyayo na makalio ya mtu, wanachora alama ya kuwa mtu alikuwepo. Hata kangaruu utamwona kwa nyayo zake na mburuzo wa mkia, mwenyewe hayupo, kapita.

Ila hapa kuna mtego, na wengi wanaingia wakishapata hiyo orodha ndogo: wanadhani sasa wana kamusi, kila duara ni kisima, basi picha imeshasomeka. Haiendi hivyo. Duara hilohilo kwenye picha nyingine ni tundu la siafu wa asali (mdudu wa jangwani anayebeba asali tumboni), kwenye nyingine ni kitovu cha moto, na kwenye picha moja tu linaweza kubeba maana 2 au 3 kwa mkupuo, moja ya kuwaambia watoto, nyingine ya watu wazima, nyingine ya waliopitia jando peke yao. Ni kama kanga. Mgeni anaona maua, rangi na maandishi, akitafsiriwa yale maandishi anadhani kamaliza, wakati wewe unajua kwamba jambo zima ni nani kaivaa, kaivaa lini na kampitia nani mbele ya mlango.

Sasa neno gumu kuliko yote. Kwenye vibandiko vya makumbusho utakuta picha inaitwa "Ndoto ya Maji", "Ndoto ya Kiazi", "Ndoto ya Siafu wa Asali", na mtu wa kawaida anaelewa mchoraji alilala akaota. Hapana. Watu wa jangwani wana maneno yao, Wapitjantjatjara wanasema Tjukurpa, Wawarlpiri wanasema Jukurrpa, Waarrernte wanasema Altyerre, na Wazungu walipokuja kutafsiri wakachukua neno la kuota, likabaki hivyo mpaka leo. Tjukurpa ni habari za wahenga wa mwanzo, wengine watu, wengine wanyama, wengine mimea, waliotembea kwenye nchi na kila walipolala, walipopigana, walipochimba, wakaacha mlima, bonde, kisima. Lakini ni sheria pia, nani aoe nani, nani ale nini, nani ana jukumu la kutunza kisima kipi. Na wala haijapita, iko inaendelea. Kiswahili chetu hakina neno moja la kuibeba yote hiyo, ukichukua asili, mila, sheria na hati ya kiwanja ukavitia kapu moja unaanza kukaribia.

Kwa hiyo mchoraji akichora Tjukurpa ya mahali fulani, anachora mahali pa kweli panapofikika kwa miguu, na anaonyesha kwamba yeye ana haki ya kupasimulia.

Na niseme jingine mapema kabla hatujaenda mbali. Wenyeji wa Asili wa Australia si kabila moja. Waingereza walipoanzisha makazi yao ya kwanza mwaka 1788 walikuta bara lenye lugha zaidi ya 250, watu ambao wazee wao walikuwa pale kwa zaidi ya miaka 50,000. Kusema "sanaa ya Waaborijini ni madoadoa" ni kama kusema chakula cha Afrika ni ugali. Madoa ni ya jangwani. Ukienda kaskazini, Arnhem Land, wanachora kwenye magome ya mti, wanabandua gome la mkaratusi msimu wa mvua linapotoka vizuri, wanalipasha moto, wanalikandamiza na mawe mpaka linanyooka kama ubao, halafu wanalijaza mistari myembamba inayokatana kwa brashi ya nywele chache sana. Ukisimama mbele yake linametameta, macho hayatulii, na huko kumetameta ndo kazi yenyewe, Wayolngu, wenyeji wa huko, wana neno lake, bir'yun, mng'aro ule ni nguvu ya wahenga inayotoka kwenye gome. Hapo hakuna cha kutafsiri, unasimama tu unaacha macho yafanye kazi.

Turudi jangwani, maana wengi wanaamini hizi kanvasi za madoa zimekuwepo miaka elfu na elfu. Alama ni za kale kweli, kwenye miamba, kwenye miili ya watu siku za ngoma, kwenye mchanga. Lakini kanvasi na rangi za akriliki zina tarehe: 1971. Kulikuwa na makazi yanaitwa Papunya, kama kilomita 240 kutoka mji wa Alice Springs, serikali ilikuwa imewakusanya pale watu wa makabila tofauti, Wapintupi, Waluritja, Wawarlpiri, Waanmatyerr, kwa sera ya kuwabadilisha wawe kama Wazungu, wengine wakiwa wametoka mbali kabisa na visima vyao. Mwalimu wa shule, Geoffrey Bardon, akaja kufundisha kuchora, akaona watoto wanachora vibonzo vya kuiga huku wakiongea wao kwa wao wanachora alama mchangani. Akawaambia wachore vyao. Wazee nao wakasogea, na wakachora ukutani kwa shule picha kubwa ya siafu wa asali. Baadaye wakuu wa pale waliupaka ukuta ule rangi ukafutika, ila ilikuwa imeshachelewa, wazee walikuwa wanachora kwenye kila kipande walichopata, mabaki ya mbao, hadibodi, hata vigae vya sakafu, na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, ambayo ipo mpaka leo.

Yafikirie kidogo mazingira hayo. Watu wamehamishwa nchi yao, hawawezi kwenda, wanakaa chini ya kibanda wanachora ramani za visima walivyoviacha. Mimi nikijua hilo siwezi tena kuziita mapambo.

Na madoa yalitoka wapi hasa? Yapo toka zamani kwenye ngoma, watu walijibandika manyoya na pamba za mimea mwilini na ardhini. Lakini kwenye hadibodi za mwanzo madoa hayakuwa mengi hivyo, picha nyingi zilionyesha wazi vitu vya siri, zana za ibada na mambo ya jando ambayo mwanamke au mtu wa nje hatakiwi kuyaona. Picha zikafika mjini, watu wa jamii nyingine za jangwani wakaziona, pakawa na ugomvi mkubwa. Wachoraji wakajirekebisha, vitu vya siri vikaondolewa, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba uwanja wa madoa ulipanuka pia kama pazia la kufunika. Kwa hiyo ukisimama mbele ya picha ya madoa ukahisi kuna kitu nyuma yake hukioni, hujakosea na wala si kwamba huna elimu ya sanaa. Kimefichwa kweli, na hakijafichwa kwa ajili ya kukuudhi. Mtu ana haki ya kukuonyesha nyumba yake bila kukuingiza chumbani.

Mfano mmoja wa kuusoma taratibu ni picha inaitwa Warlugulong ya mwaka 1977, ya mchoraji Clifford Possum Tjapaltjarri. Ni kubwa, zaidi ya mita 3 upana. Ukiitazama mara ya kwanza ni mawimbi ya rangi ya moshi na vumbi, njia zinapita huku na huku, nyayo za watu, za ndege, za wanyama. Kisha unaona mifupa ya watu 2 wamelala. Stori yake inahusu mzee Lungkata, mjusi mwenye ulimi wa bluu. Wanawe wawili walimuua kangaruu wakamla wenyewe bila kumgawia baba yao, na kwa watu wa jangwani kutogawa nyama si utovu wa adabu tu, ni kuvunja sheria. Mzee akawasha moto, moto ukawafukuza vijana nchi nzima, wakakimbia, wakaupiga, ukarudi, mwisho ukawamaliza. Sasa rudi kwenye picha. Ule weupe na ukijivu uliodhani ni mapambo ni majivu, ni nyika iliyoungua. Na zile njia nyingine ni safari za wahenga wengine waliopita nchi hiyohiyo, maana Clifford aliziweka stori kadhaa juu ya ramani moja, kama mtu anayekuonyesha wilaya moja halafu anakuambia barabara, mito, na ukoo wa kila kijiji kwa pamoja. Kuifanya hiyo bila picha kuvurugika ni ufundi mkubwa sana, na hapo ndo neno la "hata mtoto" linapoanguka.

Habari ya bei nayo ipo hapohapo. Picha hiyo ilinunuliwa dola 1,200 za Australia mwaka 1977, ikaja kutundikwa kwenye kantini ya wafanyakazi wa benki. Mwaka 1996 ikauzwa mnadani dola 36,000, na 2007 Jumba la Sanaa la Taifa la Canberra likainunua dola milioni 2.4. Clifford alikuwa ameshafariki, 2002. Watu wakisoma "milioni 2.4" wanamtukana mchoraji, lakini faida yote ya kutoka 1,200 mpaka milioni ilikwenda kwa waliouza baadaye, na wakati ule hakukuwa na sheria ya kumpa yeye au watoto wake chochote. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi Juni 2010: picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi, asilimia 5 inaenda kwa mchoraji au warithi wake. Kwa hiyo ukikasirika kwa bei, uelekeze hasira panapostahili.

Sasa Emily, huyu aliyetuletea maneno. Alikuwa Mwanmatyerr wa sehemu inaitwa Alhalker, eneo la Utopia, kaskazini mashariki mwa Alice Springs. Kabla ya kanvasi alitengeneza batiki, kuanzia 1977, pamoja na wanawake wenzake, batiki hizihizi za nta na rangi tunazozijua sisi. Kanvasi alianza mwishoni mwa 1988 akiwa na miaka kama 78, na mpaka anafariki 1996 inakadiriwa alikuwa amechora karibu picha 3,000. Jina lake, Kam, ni mbegu za kiazi fulani cha porini, chembamba kama penseli, ambacho kibotania ni jamii moja na kunde tunazokula. Kiazi hicho majani yake hutambaa juu, mizizi inakwenda chini huko haionekani, na kikikomaa ardhi inapasuka nyufa, wanawake wakiona nyufa wanajua pa kuchimba.

Sasa nenda kaitafute picha yake kubwa ya 1995, inayojulikana kama Ndoto Kubwa ya Kiazi, iko Melbourne, karibu mita 3 kwa mita 8. Weusi mtupu, juu yake mistari myeupe inayopinda na kuingiliana haina mwanzo wala mwisho. Bila kujua kitu unaona uzi uliovurugika. Ukijua, unaona mizizi chini ya ardhi, na nyufa juu ya ardhi, kwa wakati mmoja, na unaona pia mistari ambayo wanawake hujichora vifuani na mabegani kwenye ngoma yao inaitwa awely, kwa sababu mkono uliochora hii kanvasi ulikuwa umepaka matiti ya dada na shangazi kwa zaidi ya nusu karne. Aliimaliza ndani ya siku 2. Mtu akisema siku 2 ni uvivu, mimi nauliza hiyo miaka 70 ya kujifunza mbona hajaihesabu? Fundi wa kusuka anakumalizia kichwa kwa muda wa saa 2 tu, hukumbuki alianza kushika nywele akiwa na miaka 6?

Alipokuwa akiulizwa amechora nini alijibu kwamba ni vyote, vyote kwa pamoja: kiazi, mbegu, mjusi, mbwa, ngoma, nchi yake. Wanahabari wengine walidhani anawakwepa. Mimi nadhani alijibu sawasawa, wao ndo waliouliza swali la mtu anayetaka kitu kimoja.

Upande mwingine wa bara, kaskazini magharibi, eneo la Kimberley, kulikuwa na mchoraji Rover Thomas. Huyu alichora kwa ngeu na udongo wa nchi yenyewe, madoa machache pembeni mwa maumbo mapana tu, na picha zake zimetulia kiasi kwamba unaweza kukaa mbele yake kimya muda mrefu. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1974 kimbunga kinaitwa Tracy kiliufuta mji wa Darwin, na wazee wa Kimberley wakakisoma kama onyo la Nyoka wa Upinde wa Mvua kwa watu walioanza kuiacha mila. Rover alipokea kwenye usingizi ngoma nzima kutoka kwa roho ya mama mmoja wa ukoo aliyekufa kwa ajali (hapa kweli ilikuwa ndoto ya usingizini, lazima nikubali), na picha zake za mwanzo zilikuwa mbao za kubebwa mabegani kwenye ngoma hiyo. Mwaka 1991 alikichora kimbunga chenyewe: umbo jeusi zito linakuja na kutanuka, pembeni rangi za udongo. Hakuna nyumba inayopaa, hakuna mtu anayelia. Ni ule weusi tu unaingia. Mwaka mmoja kabla, 1990, yeye na Trevor Nickolls walikuwa wameiwakilisha Australia kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia, Wenyeji wa Asili wa kwanza kufanya hivyo.

Halafu kuna Albert Namatjira, ambaye kwangu ndo kipimo kizuri cha macho yetu, kwa sababu yeye alichora milima, miti na mbingu, kwa rangi za maji, kama kalenda nzuri kabisa, na kila mtu anaielewa. Alizaliwa 1902, akakulia misheni ya Hermannsburg, 1936 akatembea na mchoraji Rex Battarbee akijifunza ufundi, na 1938 maonyesho yake ya kwanza Melbourne yakauzwa yakaisha. Wasomi wa sanaa wakamdharau: huyu kaiga Wazungu. Mbona hachori za kwao? Lakini angalia anachochora. Anachora safu zilezile za milima, mkaratusi uleule wenye shina jeupe umesimama mbele kama mtu, tena na tena, na hizo ni sehemu za ukoo wake, zenye Altyerre yake. Alichora kile alichokuwa na haki ya kuchora, akakivika nguo ambayo mnunuzi wa mjini angeipokea. Ukijua hivyo ile picha "rahisi" inakuwa ngumu ghafla.

Na alitendewa vibaya. Mtu anayejulikana nchi nzima alinyimwa ruhusa ya kujenga nyumba Alice Springs, akapewa uraia kamili 1957, na mwaka uliofuata akahukumiwa kwa kumpatia pombe ndugu yake wa ukoo, kwa kuwa yeye aliruhusiwa kunywa na ndugu zake hawakuruhusiwa. Kugawana ndo sheria ya kwao, mkumbuke mzee Lungkata. Alifariki 1959. Hakimiliki ya picha zake afisa wa serikali aliiuza 1983 kwa dola 8,500, familia ikakaa bila kitu, mpaka 2017 iliporudishwa kwao kwa malipo ya dola 1.

Wachoraji wenye asili ya Ulaya nao siwaachi, ila kwao kazi ni tofauti kidogo: hawa walifika kwenye nchi isiyowajua wakawa wanatafuta jinsi ya kuiona. Tom Roberts mwaka 1890 alichora wanaume wanakata manyoya ya kondoo ndani ya banda, jasho, mwanga wa dhahabu, na picha ikawa kama picha ya taifa kabla taifa halijaungana 1901. Ni nzuri kweli, na yule mtoto anayetabasamu katikati, anayedhaniwa ni mvulana wa kubeba lami (ya kupaka kondoo wakikatwa na mkasi), aliyekaa kuchorwa alikuwa msichana. Lakini ukishakaa na picha za akina Clifford utaanza kujiuliza lile banda limejengwa juu ya kisima cha nani.

Sidney Nolan ndo anayewachanganya watu zaidi. Picha zake za 1946 na 1947 zinamhusu Ned Kelly, jambazi aliyejitengenezea vazi la chuma akapigana na polisi, akanyongwa Melbourne mwaka 1880. Nolan kamchora kama boksi jeusi, bapa, na tundu la macho. Rangi yenyewe ni ya dukani, ya kupaka milango. Watu wanasema hajui kuchora. Tazama lile tundu la kofia kwenye picha ile Kelly amepanda farasi ametupa mgongo: ndani hakuna macho, unaona mawingu. Mtu hayupo, ni nchi inatazama kupitia kwake. Na Nolan mwenyewe wakati huo alikuwa ametoroka jeshini, anaishi kwa jina la bandia, kwa hiyo hilo boksi la kujifichia alikuwa analijua.

Kwa hiyo unapokutana na picha ya jangwani, mimi nakushauri uanze kwa macho bila kusoma kibandiko, dakika 2 nzima, uone kama inatembea, inapiga kelele au imetulia. Halafu ndo usome, na badala ya kutafuta "hii ni kitu gani", tafuta jina la mahali na jina la ukoo. Mahali ni wapi, na huyu mtu na hapo mahali wana uhusiano gani. Hayo 2 yatakufungulia zaidi ya orodha yoyote ya alama. Na kama unataka kununua chochote, hata kikombe, uliza nani kachora, maana miundo hii inaibwa sana. Mwaka 1994 mahakama ya Australia iliamua kesi ya mazulia yaliyofumwa Vietnam kwa michoro ya wasanii kadhaa bila ruhusa, mmoja wao Banduk Marika, na uchungu wake ulizidi pesa: mchoro ule ulikuwa wa ukoo, yeye alikuwa mtunzaji tu, kwa hiyo watu kuukanyaga sebuleni kwao ilikuwa ni kosa ambalo yeye angedaiwa nyumbani.

Picha kuwa hati ya ardhi, sijaitia chumvi. Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala walipeleka bungeni maombi dhidi ya mgodi wa boksiti (madini ya kutengenezea alumini), karatasi zimepigwa taipu kwa lugha 2 na kubandikwa kwenye magome yaliyochorwa pembeni alama za koo zao, yaani maneno kwa ajili ya wabunge, na michoro kama saini na mipaka. Mgodi ulichimbwa hata hivyo. Magome yapo bungeni Canberra mpaka sasa.

Halafu 1997, jangwa la Great Sandy, Australia Magharibi. Watu wa Ngurrara walikuwa wanadai nchi yao na wazee wengi hawakuwa na Kiingereza cha mahakamani, hawakuwa na karatasi, wakaona watachora. Wachoraji zaidi ya 40 wakaitandika kanvasi ya mita 8 kwa 10 chini, mahali panaitwa Pirnini, kila mmoja akachora kipande chake, kisima chake, mpaka vikakutana pembeni kama nchi yenyewe inavyokutana. Baraza la kusikiliza madai ya ardhi lilipofika, picha ikatandazwa ardhini, na kila mdai akapanda juu yake, akasimama penye kisima chake, akaeleza kwa lugha yake. Haki yao ilitambuliwa na mahakama mwaka 2007, zaidi ya kilomita za mraba 77,000, na baadhi ya waliosimama juu ya ile kanvasi walikuwa wameshazikwa.